Wimbo Ulionunuliwa: Historia ya Umiliki wa Muziki wa Kidijitali

Umiliki wa muziki wa kidijitali ni haki ya mnunuzi juu ya wimbo uliohifadhiwa kama faili: kuutunza, kuusikiliza atakapo, kuuhamishia kwenye chombo kingine, kumwazima jirani, kuuuza au kuwaachia watoto. Enzi za santuri na kaseti haki hizo zilikuja na kitu chenyewe, na hapakuwa na haja ya kuziandika popote. Zilianza kuandikwa, na kwa kuandikwa zikaanza kupungua, pale wimbo ulipoacha kuwa kitu cha kushikwa mkononi.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya santuri iliyotumia nembo ya His Master's Voice. Sahani zilizotoka huko zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba muziki wa kama dakika tatu. Zilivunjika upesi zikianguka, na sindano ilizila kidogo kidogo kila zilipopigwa. Hata hivyo aliyezinunua alikuwa mwenyewe hasa. Angeweza kuibeba santuri yake hadi harusini, kumwazima shemeji, kuiuza siku ya shida au kuiacha kabatini ikarithiwa. Kampuni ikishapokea fedha yake haikuwa na njia ya kuifuata sahani ile hadi sebuleni mwa mtu, wala haikuwa na sababu ya kujaribu.

Marekani jambo hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa mahakamani kabla ya hapo, na kesi yenyewe ilihusu kitabu. Mchapishaji Bobbs-Merrill aliandika ndani ya riwaya moja kwamba asiiuze mtu yeyote chini ya dola 1. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye haki ya kunakili hutawala uuzaji wa kwanza tu. Nakala ikishauzwa, mnunuzi huiuza tena kwa bei aipendayo. Juu ya kanuni hiyo yalisimama maduka ya vitabu vya mtumba, maktaba za kuazimisha na biashara nzima ya santuri kuukuu. Ni kanuni inayojieleza yenyewe maadamu kuna kitu kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Majaji wa 1908 hawakuwa na sababu ya kuwaza kitu kinachoweza kuuzwa bila kuondoka kwa mwuzaji.

Kaseti, iliyoletwa sokoni na Philips mwaka 1963, ilimwongezea msikilizaji uwezo ambao santuri haikumpa, nao ni kunakili. Katika pwani ya Afrika Mashariki uwezo huo uligeuka biashara. Wenye maduka ya Mombasa walirekodi vikundi vya taarabu, kisha wakawatolea wateja nakala mojamoja kwa oda. Lakini nakala ya kaseti ilikuwa na adhabu yake ndani. Kila ilipotolewa nyingine kutoka kwayo, mvumo wa utepe ulizidi na sauti za juu zilififia, na nakala ya nakala ya nakala ilisikika kama mwimbaji yumo ndani ya mtungi. Uchakavu huo ulizilinda kampuni kuliko sheria yoyote, kwa kuwa aliyetaka sauti safi alilazimika kurudi dukani.

Kinga hiyo iliondolewa na tasnia ya muziki kwa mkono wake mwenyewe. CD ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, na ndani yake hamna mifuo kama ya santuri bali kuna namba. Kwa kila sekunde, mawimbi ya sauti hupimwa mara 44,100 na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Namba zikinakiliwa sawasawa hutoka zilezile, kwa hiyo nakala ya elfu moja haitofautiani na ya kwanza. Kwa miaka kumi na zaidi hatari hiyo haikuonekana, kwa sababu dakika moja ya muziki wa CD huchukua karibu megabaiti 10, na kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 hazikuwa na mahali pa kuweka mzigo kama huo.

Kilichoupunguza mzigo ni MP3. Utafiti wake ulifanyika kwa kiasi kikubwa katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, ambako Karlheinz Brandenburg na wenzake walilichunguza sikio la binadamu kuliko walivyoichunguza kompyuta. Sikio halisikii kila kinachoingia ndani yake. Anayenong'ona kando ya ngoma inayopigwa hasikiki, ingawa mnong'ono upo hewani. Programu ya MP3 huitafuta minong'ono ya aina hiyo ndani ya wimbo na kuifuta, kisha huziandika sauti zilizobaki kwa ufupi. Kwa kiwango kilichozoeleka cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika ya muziki iliyokuwa ikichukua megabaiti 10 ikashuka hadi karibu megabaiti 1. Mmoja wa nyimbo walizojipimia ni "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, unaoimbwa bila ala yoyote; sauti ya mtu ikiwa peke yake haina pa kufichia kasoro. Tarehe 14 Julai 1995 watafiti hao walikubaliana kwamba mafaili yao yaishie na herufi mp3.

Miaka minne baadaye, Juni 1999, kijana Shawn Fanning aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Boston alitoa programu aliyoiita Napster. Ilimwezesha mtu kuona nyimbo zilizo katika kompyuta za watu asiowajua na kuzivuta kwake bila malipo. Chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani kiliishtaki Napster Desemba ya mwaka huohuo, bendi ya Metallica ikafuata Aprili 2000, na Julai 2001 mtandao huo ukazimwa kwa nguvu ya mahakama. Mengi yameandikwa kuhusu wizi wa nyakati zile, na waliopoteza riziki walikuwa na haki ya kulalamika. Lisilosemwa sana ni kwamba kwa muda wote huo kampuni kubwa hazikuwa na duka la maana la kumwuzia faili mteja aliyekuwa tayari kulipa. Watu walikwisha kuonja wepesi wa muziki usio na kasha, na dukani walipewa kasha tu.

Duka hilo lilifunguliwa na Apple tarehe 28 Aprili 2003. iTunes Music Store ilianza na nyimbo 200,000 kwa senti 99 kila mmoja, na wiki ya kwanza ziliuzwa milioni moja. Kitufe cha kubonyeza kiliandikwa "nunua", lakini kilichonunuliwa kilikuja na kufuli. Faili lilikuwa limefumbwa kwa mfumo ulioitwa FairPlay, na lilifunguka katika kompyuta tatu tu zilizosajiliwa kwa jina la mteja, baadaye tano. Microsoft ilitengeneza kufuli lake na mwaka 2004 ikawapa watengenezaji wa vyombo nembo ya PlaysForSure, yaani hupiga bila shaka. Novemba 2006 Microsoft hiyohiyo ilitoa chombo chake cha muziki, Zune, na nyimbo zilizouzwa chini ya nembo ile hazikupiga humo.

Kufuli la namna hii si kama la mlangoni, ambalo ufunguo wake hukabidhiwa mwenye nyumba. Wimbo hukaa katika kompyuta ya mteja ukiwa umefumbwa, na ufunguo hutolewa na seva ya mwuzaji kila mteja anapobadilisha mashine au anapoweka upya programu zake. Mteja ana faili, na mwuzaji ana uwezo wa kulifanya lisikike. Mambo yakienda sawa tofauti hiyo haionekani. Mtu hubonyeza, muziki huanza, naye huamini kwamba ni wake.

Mwaka 2008 walioamini hivyo walitolewa gizani. Mwezi Aprili Microsoft iliwaandikia wateja wa duka lake la MSN Music, lililokuwa limeacha kuuza tangu 2006, kwamba baada ya tarehe 31 Agosti seva za funguo zingezimwa. Nyimbo zingeendelea kupiga mahali zilipo; siku kompyuta ikifa au ikibadilishwa, zingekufa nayo. Malalamiko yalikuwa makali hata kampuni ikaahidi kuziacha seva zifanye kazi hadi mwisho wa 2011. Julai, Yahoo ikatangaza kwamba nayo ingezima za kwake tarehe 30 Septemba, kisha ikajikuta ikiwalipa fidia waliokuwa wamenunua. Walmart ilitoa tangazo kama hilo na kulirudisha nyuma. Ushauri waliopewa wateja ulikuwa wachome nyimbo zao kwenye CD za kawaida kabla ya siku ya mwisho, yaani warudi kwenye sahani waliyokuwa wameambiwa imepitwa na wakati. Hakuna tukio katika historia hii linaloeleza hali ya mnunuzi kwa uwazi zaidi. Aliyelipa kihalali ndiye aliyekuwa hatarini, na aliyevuta wimbo uleule bure alikuwa na faili lisilomhitaji mlinzi.

Ajabu ni kwamba kampuni za muziki zenyewe zilikuwa zimekwisha kuanza kulitupa kufuli. Oktoba 2005 mtaalamu Mark Russinovich alifichua kwamba baadhi ya CD za Sony BMG zilikuwa zikijipenyeza ndani ya kompyuta ya mnunuzi na kuficha humo programu ya kuzuia kunakili, programu iliyofungua mwanya kwa virusi. Zikarudishwa kutoka madukani kwa aibu kubwa. Februari 2007 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa wazi akitaka kampuni ziuze muziki bila kufuli. Aprili kampuni ya kurekodi EMI ikakubali. Septemba mwaka huo Amazon ikafungua duka la MP3 zisizofungwa. Na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba kampuni zote kubwa nne zimeafiki. Waliokuwa wamenunua kabla ya hapo walitakiwa kuongeza senti 30 kwa kila wimbo ili wapate nakala iliyofunguliwa. Mtu mwenye nyimbo elfu moja alitozwa dola 300 kwa vitu vilivyokuwa tayari kwenye risiti zake.

Kufunguliwa huko kulirudisha uhuru wa kutunza na kuhamisha. Haki ya kuuza tena haikurudi. Oktoba 2011 kampuni ndogo ya Marekani, ReDigi, ilifungua soko la mitumba ya nyimbo. Programu yake ilihakikisha kwamba wimbo ulinunuliwa iTunes, ikauondoa katika kompyuta ya mwuzaji ulipokuwa ukipakiwa, ikamkabidhi mnunuzi mpya. Capitol Records ikashtaki. Hukumu ya Machi 2013, iliyothibitishwa na mahakama ya rufani Desemba 2018, ilikuwa dhidi ya ReDigi, na hoja yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Faili halisafiri. Linapotoka kompyuta hii kwenda ile, kinachofika ni namba zilizoandikwa upya mahali pengine; ni nakala mpya, hata kama ya zamani imefutwa papo hapo. Kanuni ya 1908 humruhusu mtu kuuza nakala yake, haimruhusu kutengeneza nyingine. Kwa mantiki hiyo, njia halali ya kuuza faili ni kuuza na diski iliyolibeba. Hoja ni sahihi kwa herufi za sheria. Matokeo yake ni kwamba wimbo wa senti 99 una haki chache kuliko santuri iliyopasuka pembeni.

Afrika Mashariki tatizo lilikaa kinyume. Wakati mnunuzi wa Marekani alikuwa na ruhusa isiyo na nakala ya uhakika, msikilizaji wa Kariakoo au wa River Road alikuwa na nakala ya uhakika isiyo na ruhusa. Maduka ya iTunes yalidai kadi ya benki ambayo wengi hawakuwa nayo, na intaneti ilipimwa kwa megabaiti. Simu zenye nafasi ya memori kadi ziliposhuka bei, palizuka vibanda vya kuingiza nyimbo. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Mteja alichomoa kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, fundi akaitia kwenye kisoma kadi, na kioo cha kompyuta kikaonyesha folda zilizopangwa kwa ladha ya mtaa: Bongo Fleva, rumba, zilipendwa, taarabu, Injili. Mteja alitaja wasanii au alisema tu ajaziwe, na akalipia kazi ya kujaziwa, si nyimbo. Kutoka hapo wimbo ulirushwa kwa bluetooth kutoka simu hadi simu, na "nirushie" likawa neno la kila kijiwe. Nyimbo zilifika vijijini ambako hapakuwa na duka la CD wala mtandao, na majina ya mafaili yalifika yamekatika au yamebandikwa tangazo la aliyezisambaza.

Kwa msikilizaji huo ulikuwa umiliki kamili. Kadi ilihamia simu mpya, ikaazimwa, ikauzwa ikiwa na nyimbo zake. Kwa mwanamuziki ulikuwa msiba. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na chama cha hakimiliki, Cosota, kikaundwa chini yake. Kenya ilikuwa na sheria yake ya 2001. Stika zilibandikwa kwenye kasha za CD ili halali ijulikane. Lakini stika hubandikwa kwenye kasha, na kufikia wakati huo muziki ulikuwa umekwisha kutoka ndani ya kasha. Msanii aliyesikika katika kila daladala na kila matatu alibaki kuishi kwa maonyesho, na waliokuwa wazee au wagonjwa, wasioweza tena kupanda jukwaani, hawakubaki na kitu.

Fedha zilipoanza kurudi zilipitia simu, kwa njia ambayo ndani yake umiliki ulitoweka kabisa. Mwaka 2009 Safaricom ilianzisha Skiza nchini Kenya, na kampuni za simu za nchi jirani zikawa na huduma kama hiyo. Anayelipa huchagua wimbo, na wimbo huo humchezea anayempigia wakati akisubiri simu ipokewe. Mwenye kulipa hausikii. Haumo katika simu yake, hawezi kuupiga wala kuutunza, na asipolipa kipindi kinachofuata unarudi mlio wa kawaida. Kwa wasanii wengi wa Kenya, hasa wa nyimbo za Injili, malipo hayo yalikuwa ya uhakika kuliko ya CD, ingawa mgao kati ya mtandao wa simu, wakala na msanii ulizusha ugomvi uliofika bungeni na mahakamani.

Kusikiliza kwa mtiririko kumeendeleza mkondo huo. Spotify ilianza Sweden na nchi kadhaa za Ulaya Oktoba 2008. Boomplay ilianza 2015 ikija imewekwa tayari katika simu za Tecno. Na mwaka 2021 Spotify yenyewe ilifika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Msikilizaji halipii wimbo, hulipia mlango wa ghala kwa mwezi au husikiliza pamoja na matangazo. Hata anapobonyeza "pakua", kufuli lililotupwa 2009 limerudi kimyakimya. Mafaili hayo yamefumbwa, hayafunguki nje ya programu yake, na Spotify humtaka mtumiaji aunganishwe na intaneti angalau mara moja kila siku 30, la sivyo yanazimika. Baharia aliye melini mwezi mzima na zaidi bila mtandao hubaki na orodha ya majina.

Ghala nalo hubadilika bila kumwuliza mpangaji. Novemba 2014 Taylor Swift aliondoa albamu zake Spotify, zikarudi Juni 2017. Januari 2022 Neil Young aliziondoa za kwake, naye akazirudisha miaka miwili baadaye. Mwishoni mwa Januari 2024 Universal, kampuni kubwa kuliko zote za muziki, ilishindwa kuafikiana na TikTok, na video za watu zilizotumia nyimbo zake zikabaki bubu hadi mapatano ya Mei. Wenye haki walikuwa na sababu zao, na baadhi zilikuwa nzuri. Msikilizaji aliyezijenga nyimbo hizo katika maisha yake hakuwa na kauli.

Hasara iliyo kubwa kuliko zote haikutokana na ugomvi. Machi 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba katika kuhamisha seva zake ulipoteza karibu kila kilichopakiwa kati ya 2003 na 2015, kiasi kilichokadiriwa kuwa nyimbo zaidi ya milioni 50 za wasanii wapatao milioni 14. Wengi wao walikuwa vijana ambao hawakuwahi kutoa CD, na ukurasa wa MySpace ndio uliokuwa studio yao, duka lao na kabati lao. Zilizookolewa ni kama 490,000, kwa sababu watafiti fulani walikuwa wamezinakili miaka ya nyuma kwa kazi nyingine na nakala hizo zikafika kwenye hifadhi ya Internet Archive. Zilisalimika kwa kuwa kulikuwa na mtu mwenye faili lake, katika diski yake.

Wapo walioendelea kununua faili. Bandcamp, iliyoanzishwa Marekani 2008, huuza nyimbo zisizofungwa, zikiwemo za kiwango kisichopoteza chochote cha sauti, na sehemu kubwa ya bei humfikia msanii. Wengine wamerudi kwenye santuri. Mwaka 2022 huko Marekani ziliuzwa santuri kama milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza kwa santuri kuongoza kwa idadi tangu 1987.

Neno "nunua" lenyewe hatimaye lilifika mbele ya watunga sheria. Septemba 2024 gavana wa California alitia saini sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Kwa mujibu wake duka la bidhaa za kidijitali haliruhusiwi kuandika "nunua" pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni, au kupata kukiri kwake kwamba ni leseni inayoweza kuondolewa. Sharti hilo haliligusi duka ambalo mteja wake anaweza kulipakua faili na kubaki nalo daima nje ya mtandao. Huyo bado anaweza kuandikiwa "nunua" bila maelezo zaidi.